Mboga za Shemeji

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka lililofungwa zamani, mguu wake mmoja umewekewa tofali. Mwisho wa benchi anakaa Sindano na kisanduku chake cha kushonea viatu, maana hapo ndipo kazini kwake. Wengine ni wageni wake tu, ingawa ukiona wanavyomsukuma asogee utadhani benchi ni urithi wa baba yao. Kuna Pasi, dobi wa nyumba ya pili, anayekuja akinuka mkaa na kuziacha nguo za watu zikimngoja. Kuna Bondia, fundi baiskeli, mwenye mikono minene na hoja nyembamba. Na kuna Daktari, ambaye hajawahi kutibu hata paka: alikuwa mlinzi wa geti la hospitali mpaka akastaafu, na kwa kuwa alisimama pale miaka mingi, anaamini elimu yote iliyoingia ndani ilipita kwanza mbele yake. Kahawa huletwa na mzee wa birika. Yeye hana maneno, kazi yake kumimina.

Alasiri hiyo Sindano alikuwa amerudi kutoka hospitali na mkewe. Wamerudishwa tena. Uvimbe tumboni uko palepale na unakua, lakini mpasuaji amesema hathubutu kumtia kisu mtu mwenye damu kidogo vile. Mara ya kwanza waliambiwa nendeni, ale mboga za majani kwa wingi, damu ikipanda mrudi. Sasa wamerudi na damu haikupanda. Imeshuka. Muuguzi akamwangalia Sindano kwa jicho ambalo bado lilikuwa linamchoma mgongoni. Aliwaeleza wenzake akiwa ameinamia kiatu cha mteja, ili wasimwone uso. Benchi zima likafanya jambo pekee linaloliweza, likaanza ubishi.

Na ubishi huo haukuwa mpya. Siku Sindano alipoleta habari ya mboga kijiweni, wenzake waliguswa kwelikweli, maana shemeji yao wanampenda. Tatizo, hawakuelewana ni mboga ipi yenye nguvu. Pasi alishika matembele, Bondia akashika kisamvu, Daktari akaapa kwa mchicha mwekundu. Ili kumaliza maneno wakakata shauri mambo yaendeshwe kitaalamu: kila mmoja alete mboga yake kwa zamu, ipikwe nyumbani kwa Sindano, wote waionje, ijulikane ipi ina damu. Tangu hapo, jioni ikifika, walifunga kazi na kuongozana kwenda kwa mgonjwa, mwenye zamu ametangulia na fungu lake mkononi. Sindano alijivunia wenzake. Aliona ni wachache wenye marafiki wa namna ile.

—Mimi nilisema, Pasi akaanza. Kilichoiangusha damu ni kisamvu cha Bondia. Jani gani lile linalochemka mchana kutwa? Kila kitu kinaondoka na mvuke. Unabaki unatafuna nyuzi.

—Kisamvu ni nyama, Bondia akajibu. Nyama iliyovaa kijani. Wewe tembele lako linaota hata kando ya mtaro, litakuwa na kitu gani?

—Ndiyo nguvu yenyewe hiyo. Mmea unaostawi bila kubembelezwa, ukiula na wewe hubembelezwi.

Daktari alikohoa, kikohozi chake cha kuomba kimya. Akasema wote wawili wanacheza. Pale getini yeye aliona vyakula vyote vilivyopelekewa wagonjwa, na waliopelekewa mchicha mwekundu aliwaona wakitoka kwa miguu yao. Maji yake ukiyachemsha yanakuwa mekundu. Kitu chekundu kinaingia mwilini, kitageuka nini kama si damu?

—Na biriani ya rangi je? Pasi akauliza. Na soda?

Hapo Bondia akaona zamu yake imefika. Akatoa mfukoni sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Madini ya damu ni chuma, akasema, na chuma hakiwezi kuidanganya sumaku. Alikuwa amejaribu usiku uliopita: mchicha haukutikisika, tembele halikutikisika, jani la muhogo likasogea.

—Likasogea lenyewe?

—Lilisogea.

—Dirisha lilikuwa wazi?

Bondia akasema dirisha haliingii katika habari hii. Daktari, asikubali kushindwa na spika ya redio, akadai chuma cha kwenye majani huyeyuka jua likichomoza, hivyo mboga isiyochumwa alfajiri ni majani matupu ya kufungia vitu. Pasi akapanda juu zaidi. Kwa maoni yake mboga hujua inamwendea nani, na ile iliyochumwa na mtu mwenye kinyongo haiwezi kumpa mgonjwa kitu. Akamtazama Bondia aliposema kinyongo.

Sindano alivuta uzi, akachoma, akavuta. Siku nyingine angecheka. Leo kila neno lilimwingia vibaya, na bado alitega sikio, kwa sababu alikuwa anahitaji mmoja wao awe anasema kweli. Kama ni kisamvu, basi aambiwe ni kisamvu. Alikuwa tayari kulala shambani kwa watu kama ingelazimu, mradi ajue analala penye jani gani. Hakutaka kurudi tena kwenye lile benchi la hospitali na mwanamke ambaye sasa alipanda ngazi kwa kushika ukuta.

—Mboga zinafanya kazi, hilo msilikatae, Daktari akasema. Mtazameni Sindano mwenyewe. Mashavu yamejaa. Anang'aa kama mtoto wa harusini.

Ilikuwa kweli, na wote wakaikubali. Pasi naye akakiri kwamba kile kizunguzungu alichokuwa akipata akiinuka kwenye meza ya kupigia pasi, kilikwisha tangu zamu za matembele zianze. Bondia akakunja mkono, akawaonyesha msuli.

Mteja mwenye kiatu alikuwa dada aliyehamia mtaa huo hivi karibuni. Alisimama kando, mguu mmoja una kiatu, mwingine mtupu juu ya kipande cha boksi, na kwa kuwa hakuweza kwenda popote alikuwa ameusikia ubishi wote tangu mwanzo. Hakuwa na shari. Aliuliza kama mtu anayetaka tu kuelewa.

—Samahani, kaka zangu. Na mgonjwa mwenyewe alikula ipi?

—Zote, Pasi akasema haraka. Zilipikwa zote.

—Alizipika nani?

—Yeye mwenyewe shemeji. Ana mkono mzuri sana.

—Ndiyo. Nauliza alikula ipi.

Pasi akamgeukia Bondia. Bondia akamtazama Daktari. Daktari akakohoa, akatazama ndani ya kikombe chake.

—Si anakula jikoni, Bondia akasema mwishowe.

—Anakula nini?

Sindano alikuwa ameacha kushona. Akilini alijaribu kumwona mkewe akila, hata tonge moja, na hakuweza. Alimwona akiingia na sinia, akiwanawisha mikono, akitoka. Alimwona akirudi kuchukua bakuli, na bakuli zilikuwa nyeupe, maana Bondia alikuwa na tabia ya kuzifuta kwa tonge la mwisho na wote wakamsifu kwa hilo. Akakumbuka siku ya kisamvu. Kinu kilikuwa kinalia uani, kinasita, kinalia tena, kinasita muda mrefu, na wao wamekaa sebuleni wanapimana hoja za chuma. Sindano mwenyewe ndiye aliyepaza sauti kumwambia akaze mkono, wageni wana njaa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitamani mtu amtukane, ingekuwa nafuu.

Mzee wa birika alimimina kikombe cha mwisho na hakuna aliyekinyooshea mkono.

Sindano alifunga fundo, akakata uzi kwa meno, akamrudishia dada kiatu chake. Jua lilikuwa bado juu, lakini alianza kukusanya vifaa. Kwa mazoea Pasi naye akainuka, na Bondia akainuka, na Daktari akalichukua fungu la mchicha lililokuwa chini ya benchi, kwa kuwa jioni hiyo ilikuwa zamu yake. Walisimama hivyo. Kisha Pasi akakaa, na Bondia akakaa, na Daktari akamkabidhi Sindano fungu bila kumtazama.

—Mpe pole shemeji, akasema.

Sindano alitembea peke yake. Njiani alipanga maneno, akayapangua, akayapanga upya. Alipofika hakupitia sebuleni kama siku zote. Alizunguka uani, akasimama kwenye mlango wa jikoni ambao hakukumbuka mara ya mwisho aliuvuka lini.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, kanga aliyoendea hospitalini bado kiunoni, moto umeshawashwa na maji yanachemka. Pajani alishika sahani. Ndani yake mlikuwa na ukoko wa jana na vile vijiti vigumu vya mboga ambavyo huchambuliwa na kuwekwa kando, amevipitisha kwenye chumvi. Alikuwa anakitafuna kimoja polepole, kwa upande mmoja wa mdomo.

Alisikia viatu mlangoni. Hakugeuka. Aliisogeza sahani nyuma ya sufuria, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga, akashika magoti ili ainuke.

—Karibuni, akasema. Leo mko wangapi?