Lawrence Halvorsen, Mchonga Nishani, na Sura Asiyoijua

Marehemu Lawrence Halvorsen alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 mjini Duluth, jimbo la Minnesota, Marekani, mtoto wa pili wa fundi wa reli na mshona nguo. Akiwa na miaka sita alimfinyanga mwalimu wake wa shule ya Jumapili kwa nta ya mshumaa, na kidevu chake kirefu vilevile. Alichapwa. Mwalimu mwenyewe aliiomba ile sanamu, akakaa nayo hadi uzeeni.

Alihitimu chuo cha sanaa Philadelphia mwaka 1974. Alichonga sanamu za viwanja na maktaba, lakini sifa yake kubwa ilikuwa nishani: sura ya mtu aliifinyanga kwa udongo, upana wa sinia, kisha ikapunguzwa hadi ikaenea kiganjani. Wenzake wa fani walimtunuku mara mbili.

Mwaka 2009 alihamia Dubai, akafungua karakana katika eneo la viwanda la Dubai Investments Park. Tarehe 6 Oktoba 2012 alifunga ndoa na Roselyne Khavere, msimamizi wa usafi hotelini, wakajaliwa binti, Dorah. Roselyne alizoea kumkuta mumewe akiongea na udongo. Jambo la Februari 2022 hakulizoea kamwe.

Lawrence alikuwa ameagizwa nishani ya mwanzilishi wa kampuni moja, mzee mwenye ndevu. Siku tatu alitazama picha ya mzee, na siku tatu vidole vikafinyanga mwanamke: kilemba, kovu juu ya nyusi ya kushoto, mdomo wazi kama anayeita. Alikwangua. Akarudi yuleyule.

"Simjui, Rose," alisema. "Ila yeye ananijua."

Siku ya nne Gerishom, mlinzi wa ghala jirani, aliingia kuomba maji. Akaganda mlangoni.

"Sir, mama yangu umemwona wapi?"

Lawrence hakuwahi kufika Vihiga, Kenya, nyumbani kwao Gerishom. Gerishom mwenyewe hakuwa amekanyaga kwao miaka saba. Alipiga simu palepale; dada yake alipokea akilia. Mama alikuwa hoi kitandani, siku ya nne sasa akimwita Gerishom. Lawrence alikwenda kwa arbab, mwajiri wa Gerishom, akaketi ofisini akakataa kuondoka mpaka ruhusa ya kwenda nyumbani itoke. Gerishom alimkuta mama yu hai, na Jumapili mama akafa akiwa amemshika mwanawe mkono. Asubuhi hiyohiyo Roselyne aliona vidole vya mumewe vikimfinyanga mzee wa ndevu bila taabu yoyote.

Juni 2024 Lawrence aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Hospitalini vidole vyake havikutulia juu ya shuka.

"Unamfinyanga nani, baba Dorah?"

"Wengi. Wamepanga foleni."

Alifariki tarehe 19 Januari 2025, saa nne asubuhi. Daktari alikwisha kuthibitisha kifo, lakini Roselyne aliona kidole gumba bado kinasugua shuka. Akainama, akamnong'oneza, "Khalas, basi, wote wamekwenda."

Kikatulia.

Ameacha mjane, Roselyne, binti, Dorah, dada yake, Ingrid, wa Duluth, na shemeji yake Judy, anayewasomea haya. Mungu ampokee, ampumzishe salama.