Mito Yote Ningali Naijua

Usiku wa kuamkia leo nilisikia sauti ikikariri, saba mara nane hamsini na sita, saba mara tisa sitini na tatu, nikashtuka kujua kwamba ni yangu. Sikilizeni, wanangu, wewe Bosire na wewe Jasper, na wewe Mogire, ndugu yangu niliyekuita uwe shahidi: dada yenu huyu aliamka, akaniletea maji, akaniuliza, "Mwalimu, siku hizi darasa ni la usiku?" Nikacheka naye, kisha nikataka kumshukuru kwa jina lake, na jina halikuwepo.

Mficha uchi hazai, nami nimeficha tangu mahindi yaliyopita yavunwe. Namwita "mama", namwita "wewe", naye haulizi. Mito yote ningali naijua, Tana, Athi, Nzoia, Yala, na miji mikuu ya nchi nisizowahi kuzikanyaga, kwa maana niliikariri kwa fimbo, na kwa fimbo nikawakaririsha watoto wa Ikonge mpaka nikastaafu. Lakini huyu aliyerudi kutoka kwa mume kule Ekerenyo, anayeniosha mwili ambao chinsoni, ile heshima yetu ya baba na binti, inamkataza hata kuutazama, ndiye aliyenitoka. Naona haya, wanangu. Naona haya hata mbele ya kuku wanaoingia humu.

Sisemi kukariri hakuna kazi. Bosire, majedwali niliyokuchapia ndiyo yanayokulinda kwenye mizani ya majani chai, karani asikupunje. Wafundisheni watoto wenu majedwali. Ila wafundisheni pia nani alimzaa nani, nani alilala njaa ili nani ale, kwa maana hayo hayakuwa kwenye mtihani wangu, nami nilidhani kisichotahiniwa kitajikumbuka chenyewe.

Bosire, jana nilikusikia dirishani ukimwambia Jasper, "Mzee hata hamjui dada ni nani, atampaje shamba? Watu watatucheka." Sikukasirika. Ulisema kweli. Kwetu urithi hutamkwa kwa jina mbele ya shahidi, na binti aliyerudi nyumbani asipotajwa, udongo wa kaburi langu hautakauka kabla hamjamwonyesha njia. Basi sikieni. Nyumba ya juu na migomba ni yako, Bosire. Jasper, chukua ng'ombe na kipande cha barabarani. Mkizozana, Mogire awaamue, msiburutane kwa chifu. Chai ya bondeni, yote hadi mtoni, ni ya... ni ya huyu.

Usinitazame hivyo, Mogire. Najua "huyu" si jina. Nipeni maji kidogo.

Nizikeni kando ya mama yenu, na mhubiri asiwasomee watu vyeti vyangu. Mungu awape uzee wenye watu. Awape... ngojeni, pumzi. Wewe, sogea. Inama nikuwekee mkono wa baraka. Hiki nini kisogoni, kovu? Hapa uliteleza na kikapu cha chai, ulikuwa mdogo, mvua ile, damu... nikaacha darasa, nikauteremka mlima wote na viatu mkononi, nikiita... nikiita...

Gesare.

Mogire, umesikia? Ni ya Gesare.