Mama Bertilla Kasmir, Mkunga wa Kalundi Aliyeosha Dhahabu kwa Furaha Yake

Baba Paroko, Mwenyekiti wa kijiji, wakwe zetu mliotoka Kirando, na majirani wote wa Kalundi: familia imenipa mimi, Evaristi, mdogo wake wa mwisho, jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu mkubwa.

Marehemu Bertilla Kasmir alizaliwa tarehe 4 Machi 1939 huko Lupa, wilayani Chunya, mtoto wa kwanza kati ya sita wa Mzee Kasmir na Mama Rahel. Baba alikuwa ametoka Ufipa kwa miguu kwenda kutafuta kibarua kwenye machimbo ya dhahabu. Huko Lupa marehemu alishika karai la kuoshea mchanga kabla hajashika kalamu. Mama alipokuwa shambani, Baba alimwekea mchanga na maji kidogo ili asilie, akimwambia, "Zungusha polepole, mwanangu. Mchanga mwepesi utatoka wenyewe." Hakuwa akimfundisha kazi. Alikuwa akimbembeleza tu, lakini mchezo ule ulimkaa mwilini hadi uzeeni.

Familia ilirudi hapa Kalundi mwaka 1949. Marehemu alisoma shule ya wasichana ya misheni hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1956. Masista waliona haogopi damu wala kelele, wakampeleka kwenye mafunzo ya uuguzi na ukunga, akahitimu Novemba 1960.

Alianza kazi Kirando mwaka 1961, akakaa miaka kumi akizalisha wake za wavuvi, na mara moja ndani ya mtumbwi, mvua ikinyesha. Mwaka 1971 alihamishiwa zahanati ya hapa Kalundi, akafanya kazi hadi alipostaafu mwezi Machi 1994. Mwenyekiti wetu wa sasa, Polikarp, alizaliwa mikononi mwake akiwa ametanguliza miguu. Marehemu hakuacha kumkumbusha jambo hilo kila walipopingana kwenye mkutano.

Tarehe 22 Agosti 1964 alifunga ndoa na Leonidas Chisunga, bwana shamba. Uchumba wao una habari yake. Marehemu alikuwa nyumbani kwa likizo, na Leonidas alikuja Jumapili moja kuwasalimu wazee. Akaambiwa Bertilla yuko mtoni. Alimkuta katikati ya kijito cha Nalusi, gauni amelifunga juu ya magoti, karai mkononi.

"Umepoteza nini, dada?" Leonidas aliuliza.

"Sijapoteza kitu. Naosha dhahabu."

"Unauza?"

"Napumzika."

Leonidas aliomba ajaribu. Akalizungusha karai kwa nguvu kama mtu anayepepeta mahindi, na mchanga wote ukamwagika, pamoja na punje mbili ambazo marehemu alikuwa amezihangaikia tangu misa iishe. Marehemu akasema, "Umenimwagia Jumapili yangu nzima. Haya, chota upya." Shemeji alichota upya hadi jua likazama. Mpaka leo husema hiyo ndiyo mahari aliyoitoa kwa jasho lake mwenyewe.

Kuna watu hupumzika kwa kufuma vitambaa, wengine kwa bao. Marehemu alipumzika kwa kuosha mchanga. Wiki ikiwa imemchosha, hasa wiki aliyompoteza mama au mtoto pale zahanati, tulijua Jumapili tusimtafute nyumbani. Punje alizopata, nyingine ndogo kuliko chembe ya chumvi, alizitia kwenye kichupa kitupu cha penisilini. Hakuuza hata moja. Zamani watu walimwonya kwamba atakamatwa kwa kukaa na dhahabu bila kibali. Biashara ilipoachiwa huru na wanunuzi wakaanza kupita vijijini mchana kweupe, watu walewale wakamcheka kwa sababu hauzi.

Sasa nitasema habari ya mwezi Agosti 1996, ambayo familia imeniagiza nisiipunguze.

Alikuja mtu na gari, akijiita Injinia. Alisema mkutanoni kwamba Nalusi imejaa dhahabu. Alitaka kijiji kimkabidhi bonde lote, pale kwenye bustani za akina mama na chemchemi tunayochota maji. Kila kaya ichange ng'ombe mmoja au magunia matano ya mahindi ili mtambo ununuliwe, na ndani ya mwaka mmoja kila nyumba itaezekwa bati. Kisha akashuka kijitoni, sigara mdomoni, na watu wote nyuma yake, akachota mchanga mbele ya macho yetu, akaosha. Karai likang'aa. Wanawake walipiga vigelegele. Wanaume walikimbia kufungua mazizi, na mimi ninayesoma hapa nilirudi na ng'ombe wawili, si mmoja.

Marehemu alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba. Alipenya katikati ya watu, akaomba aone.

"Mama, hii ni kazi ya wataalamu," Injinia alimwambia.

"Naangalia tu, mwanangu. Sitakula."

Alimimina punje kidogo kiganjani, akazigusa kwa kidole, akazigeuza juani. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma kipimo cha homa, "Hii si ya Nalusi. Dhahabu ya kijito imesuguliwa na maji hadi imelainika. Hii ina kingo, na ina alama za tupa. Hii imekerezwa kutoka kwenye pete au hereni ya mtu."

Watu walimzomea. Mmoja alisema mama huyu anataka kijito kibaki chake peke yake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimpigia kelele mbele ya watu: "Dada, unatuharibia bahati!"

Alitoa kichupa chake mfukoni, akakiinua. "Nimeosha mchanga wa hapa miaka ishirini na mitano," alisema. "Dhahabu yote niliyoipata ni hii. Haijazi kizibo cha soda. Mkitoa bonde, maharage tutalima wapi? Maji tutachota wapi?" Kisha akamgeukia yule bwana. "Mwanangu, vua koti, zima hiyo sigara, nawa mikono hadi kwenye kucha. Vumbi la dhahabu hufichika kwenye mikono ya koti, kwenye majivu na kwenye kucha. Halafu uoshe tena, kwa karai langu. Nikikosea, nitakupigia magoti hapa."

Yule bwana alicheka. Akasema hana muda wa kubishana na vikongwe. Lakini mzee mmoja akasema, "Nawa tu, Injinia. Maji yapo." Na wengine wakaitikia, "Nawa!" Kelele zilipozidi, akanawa, akachota, akaosha. Mchanga mweusi mtupu. Akaosha mara ya pili. Mtupu. Tukasikia ng'ombe tu wakihema. Saa kumi jioni gari lake lilikuwa limeshaondoka. Baadaye tulisikia kwamba kuna vijiji viwili alikowaachia watu mazizi matupu.

Nilirudisha ng'ombe wangu nikiwa nimeinamisha kichwa. Asubuhi nilikwenda kumwomba dada radhi. Alinikaribisha uji wa ulezi, akasema, "Ulitaka bati, Evaristi. Kutaka bati si dhambi." Jambo hilo halikurudi tena kinywani mwake. Mwaka uliofuata ng'ombe wale ndio walionilimia mahindi niliyonunulia bati.

Mwaka 1999, katika jubilei ya miaka thelathini na mitano ya ndoa yao, alipeleka kichupa chake kwa sonara mjini Mbeya. Ilitoka pete moja nyembamba. Sonara alitaka kuongeza dhahabu nyingine ili inenepe, marehemu akakataa. Alimvisha mumewe hapa kanisani.

Afya yake ilianza kuzorota mwezi Novemba 2003 alipopata kiharusi kilichomlegeza upande wa kulia. Alitibiwa hospitali mjini Sumbawanga na kurudi nyumbani. Binti yake Margareth alikuwa akimletea mchanga wa mtoni na beseni la maji uani, naye akiosha kwa mkono wa kushoto.

"Umepata, mama?"

"Sijapata. Lakini nimefurahi."

Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 12 Juni 2004, alimwomba mumewe amfungulie dirisha licha ya baridi. Saa mbili asubuhi alifariki dunia, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Marehemu ameacha mume, Leonidas. Watoto watatu, Margareth, Enock na Herieth. Wajukuu tisa na kitukuu mmoja. Pamoja na sisi wadogo zake wawili tuliobaki. Tunawashukuru wauguzi waliomhudumia, na nyote mliolala nasi msibani.

Familia hii imewahi kuwa na watu wenye mashamba makubwa na watu wenye vyeo. Lakini tukiulizwa sisi ni akina nani, tutasema: ni wa kwao Bertilla.

Dada, shikamoo. Mungu akupokee, na amani yake ikukae milele.