Daktari Aliyezitaka Kofia Zote

Wasikilizaji wapendwa, hapa Corner Brook leo hebu acheni kidogo kuzoa theluji, mkae karibu na redio. Tumempoteza Dkt. Genevieve Power. Ndiyo, Power, yule mpasuaji wa watoto. Yule aliyejua uvimbe wa ngozi wa watoto wachanga, ule wa nadra, ambao wengi wetu hata hatujausikia. Ametutoka Jumapili, nyumbani kwake.

Alikuwa mkali? Mkali hasa! Alikuwa akimnyang'anya mtoto chupa ya maziwa makusudi, ili alie. "Huyu ni daktari au adui?" kina mama wakinong'ona. Lakini uvimbe wa mishipa ya damu, ule usio wa hatari, mara nyingi hujaa na kuiva rangi mtoto akilia. Ulipokaa vilevile, mgumu, ndipo Dkt. Power alipoanza kuwa na wasiwasi.

Bibi Loretta Barrett wa Stephenville alikuwa na mjukuu, Bernadine, aliyezaliwa na uvimbe nyuma ya sikio. Kwenye zahanati waliambiwa ni alama tu ya kuzaliwa, itanywea yenyewe. Bibi hakupenda macho ya watu. Akamfumia kofia ya sufu. Uvimbe ukazidi, akafuma nyingine yenye nafasi zaidi upande ule. Kisha nyingine tena. Kanisani watu wakasifia kofia, wala hakuna aliyeuliza kuna nini ndani. Ndivyo tulivyo huku kwetu, jamani. Tunasifia ufumaji na tunanyamaza.

Walipofika kwa Dkt. Power, mtoto akanyimwa chupa, akalia mpaka uso ukawa mwekundu. Uvimbe haukubadilika. Daktari akaichukua ile kofia, akaigeuzageuza.

"Mama, unazo nyingine?"

"Zimo mkobani. Kwani unataka kununua?"

"Nazitaka zote."

Akazipanga mezani, kuanzia ndogo hadi kubwa. Bibi Loretta alinisimulia haya mwenyewe: "Niliona kwa macho yangu. Uvimbe unakua, na mimi nafuma tu! Nikamwambia, mwanangu, nimemuua mjukuu wangu? Akanishika mkono. Akasema, 'Mama, wewe umenipimia. Sasa niachie mimi.'"

Akakata kipande kidogo, kikapimwa. Haikuwa alama ya kuzaliwa, wasikilizaji. Ilikuwa saratani, ile adimu ya watoto wachanga. Dkt. Power akauondoa uvimbe wote. Alipotoka chumba cha upasuaji, amechoka hoi, akamwambia Bibi Loretta, "Mtoto mzima. Haya, sasa kafume soksi."

Jana tumemzika, na upepo ulikuwa unakata masikio. Bernadine, ambaye sasa ni mwalimu, alisimama kichwa wazi, nywele amezifunga juu, kovu lote nje.

"Vaa kofia wewe, utakufa na baridi!" bibi yake akamfokea.

"Leo sivai, bibi. Nataka aione kazi yake."

Bibi Loretta akavua na ya kwake. Mimi nililia, sitawaficha.

Kwa Ambrose, mumewe, na Colleen, binti yao, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote.

Nasi tuliobaki, jioni ya leo ukimwogesha mtoto, mpapase mwili mzima, polepole. Ukikuta uvimbe, mpeleke kwa daktari. Usiufumie kofia.