Mama Rudia na Damu ya Fundi wa Majokofu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu, mkuu wa kitengo cha damu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Tuliofanya naye kazi tunamwita Mama Rudia, maana jibu lolote lililomtia wasiwasi alilirudisha mashineni kwa neno hilo moja.

Alishuku kila kitu. Muuzaji alipotuletea mashine ya kupima viashiria vya sepsisi, yaani dalili ndani ya damu kwamba maambukizi yameufanya mwili uanze kujidhuru wenyewe, alimtazama mtu na mzigo wake kwa jicho la pembeni. Keki aliyokuja nayo hakuigusa. Kisha akaipa mashine damu ya mtu mmoja kwa majina mawili tofauti. Majibu yakalingana.

"Leo imejua inatazamwa," akasema, akaondoka zake.

Mwaka uliofuata akaletwa mume wake, fundi wa majokofu, aliyechomwa kidole na waya kazini. Alikuwa na homa, anatetemeka, lakini anawatania wauguzi kama kawaida yake. Tukapima damu: kiashiria kiko juu mno. Mama Rudia hakukubali. Alishuku chupa, akashuku lebo, akanishuku hata mimi niliyepima. Akapanda wodini kutoa damu nyingine kwa mkono wake mwenyewe.

Daktari wa zamu akamkuta na sindano. "Mama, mzee anapumua mbiombio. Mimi sisubiri."

Mama Rudia akaifunga chupa ya damu. "Anza dawa, dokta. Mimi naendelea kushuku."

Jibu la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Kufika jioni presha ya mzee ilikuwa imeporomoka, ila dawa ilishatangulia. Alipozinduka siku chache baadaye, mkewe alimuuliza jina la mama mkwe wake, ahakikishe akili iko sawa. Mzee akataja jina ambalo jarida hili haliwezi kulichapa. Ndipo tulipomwona Mama Rudia akilia, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Tangu hapo tuna utaratibu wake: jibu la kutisha lipigiwe simu wodini kwanza, lishukiwe baadaye. Na jibu likiwa zuri huku mgonjwa anazidiwa, aaminiwe mgonjwa.

Asante, Mama, kwa kutukatalia njia za mkato. Wapo watu wengi majumbani kwao leo kwa sababu wewe hukuridhika. Sasa nenda ukaridhike. Tunakuombea afya, wewe na fundi wako, na siku nyingi za raha.