Mama Angélique, Mtoto wa Siku ya Matawi

Baba padri, wakubwa wa familia, wenzake wa chuo kikuu, wanafunzi wa jana na wa leo, majirani wa Naviundu, familia imetutuma sisi wadogo zake tuwasomee maisha ya dada yetu mkubwa, Mama Angélique Mwelwa, na tunamwomba radhi mapema yeyote atakayesikia tukicheka, kwa maana mwenyewe alituagiza tusimsome kwa sauti ya mtu anayefunga duka.

Mama Angélique alizaliwa Kasenga, kando ya mto Luapula, Jumapili ya Matawi, tarehe 15 Aprili 1962, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, aliyekuwa akifanya biashara ya samaki, na wa mama yake mzazi, aliyefariki binti akiwa na miaka minne. Tunawaona mnaotazamana, hasa ninyi wa ofisini kwake, maana kwenye kitambulisho chake mmezoea kusoma 5 Mei 1964, basi tulieni, hayo tutayafikia.

Baba alihamia Lubumbashi, akajenga Naviundu, akamwoa mama yetu, na Septemba 1970 akampeleka binti yake shule ya masista, lakini mtoto alikuwa amepita umri wa darasa la kwanza, kwa hiyo baba, kama baba wengi wa wakati ule, akasema mbele ya meza ya sista kwamba mtoto ni mdogo, na tarehe iliyomjia mdomoni ndiyo iliyoandikwa. Binti hakurudi tena Kasenga, na ndugu wa mama yake tuliwahesabu wote kuwa marehemu. Mwaka 1984 baba, akiwa kitandani kwa ugonjwa uliomchukua, alimwambia ukweli kwamba miaka aliikata, ila alikatia wapi alikuwa amesahau. Dada alikuwa tayari ana diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, aliyoipata mwaka 1982, na mwaka 1986 alimaliza graduat, shahada yetu ya kwanza ya chuo, katika ukutubi, yaani alijifunza kutafutia watu wengine kila kitu, naye mwenyewe hajui ana miaka mingapi, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Aliingia maktaba ya chuo kikuu tarehe 2 Februari 1988. Tusifiche, miaka ya mwanzo hakuipenda, kwa sababu wanafunzi walikuja wiki chache kabla ya kutetea kazi zao za mwisho, wakaomba kazi ya mkubwa fulani aliyewatangulia, wakanakili orodha yake ya vitabu kama ilivyo, pamoja na vitabu ambavyo hakuna aliyewahi kuvishika mkononi. Mhadhiri Sylvain Mumba, wakati ule akiwa na cheo cha Chef de travaux, ambaye leo ni profesa na amekaa pale mbele, alikuwa akifundisha njia za utafiti, akalalamika kwamba maktaba inamharibia wanafunzi, naye dada alijibu kwamba mwalimu anawatuma watu sokoni bila kuwaambia wanapika nini. Walinuniana hivyo muda mrefu, wakisalimiana kwa kidevu, mpaka mwaka 2009, walipokutana kwenye utetezi mmoja ambapo kijana aliulizwa kuhusu kitabu kilichokuwa kwenye orodha yake, akajibu kwa unyofu kabisa kwamba hakijui, alikikuta tu. Ukumbi mzima ulicheka isipokuwa wao wawili, na walipotoka nje walikubaliana kufundisha pamoja, saa ileile, chumba kilekile, ndani ya maktaba.

Watu walisema fahali wawili hawakai zizi moja, nao walikaa miaka kumi na sita. Somo la kwanza la kila mwaka dada aliweka mezani kitambulisho chake, diploma yake na cheti chake cha ndoa, akawauliza wanafunzi alizaliwa lini, nao wote kwa haraka wakajibu 5 Mei 1964, na mwaka ule wa kwanza hata Chef de travaux Sylvain alitikisa kichwa kukubali. Ndipo aliposema, kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Iko shahidi moja tu, bana bangu, baba yangu, banamuandika mara tatu." Yaani, wanangu, shahidi ni mmoja tu, baba, aliyeandikwa mara tatu: shule ilinakili mdomo wake, diploma ikanakili shule, kitambulisho kikanakili diploma, na cheti cha ndoa kikanakili kitambulisho. Profesa Sylvain anakiri kwamba siku ile alijifunza pamoja na wanafunzi wake, na toka hapo yeye aliwafundisha namna ya kuuliza swali lililo safi, dada akawafundisha namna ya kumpata shahidi, na wote wawili, wakikatizana na kubishana mbele ya darasa bila aibu, wakawafundisha kutoamini upesi. Walikuwa pia na sheria iliyowashangaza wengi, kwamba mwanafunzi aliyeandika "nilitafuta mahali hapa na hapa, sikupata" alipewa alama, na aliyebuni jibu hakupata kitu. Walimu wengine waliona ni kuwadekeza vijana, ila siku za utetezi, vijana wale waliposimama imara mbele ya majaji, dada ndiye alikuwa wa kwanza kuwamwagia poda kichwani, kama tunavyowapongeza wahitimu huku kwetu, naye akarudi nyumbani mweupe kama aliyetoka kusaga unga.

Ndoa yake na Baba Pierre Kangwa, fundi umeme, ilifungwa Jumamosi tarehe 12 Agosti 1989, katika parokia ya Ruashi. Baba Pierre alizaliwa tarehe 3 Februari 1963, na hilo halina ubishi, kwa hiyo kwa karatasi alimzidi mkewe mwaka mmoja na zaidi, na mwaka huo aliutumia kuliko mshahara wake. Kila mabishano, iwe ni rangi ya ukuta au jina la mtoto, aliyafunga kwa maneno yaleyale: "Miye njo mukubwa yako," yaani mimi ndiye mkubwa wako. Dada alinyamaza kwa kuwa hakuwa na ushahidi, na mtu wa kazi yake hasemi bila ushahidi, lakini tuliomfahamu tulijua kwamba hakukubali hata siku moja. Mungu aliwajalia watoto watatu, Wivine, Merdi na Exaucée, na wajukuu watano.

Ugonjwa wa figo ulijulikana Februari mwaka huu wa 2025. Alipoona mwili unachoka, alimwambia Profesa Sylvain kwamba haogopi kufa, anachokataa ni kuzikwa chini ya tarehe aliyoipinga darasani maisha yote. Mwezi Juni profesa aliwatuma wanafunzi wawili, Plamedie na Guelor, waende Kasenga, kila mmoja aulize watu wake peke yake, wasisimuliane chochote kabla ya kuandika. Plamedie, kwa kuulizauliza kwa wauza samaki, alimkuta mama mdogo Chola, mdogo wa mama yake dada, mzima wa afya, aliyesema mtoto alizaliwa siku ya Matawi, mwaka ambao yeye Chola alipokea komunyo ya kwanza, akaonyesha picha ya komunyo hiyo yenye mwaka 1962 nyuma yake. Guelor alimpata mzee Kapembwa, asiye ndugu, aliyembeba mama yake dada, mwenye uchungu wa kuzaa, kwa baiskeli kutoka kwenye maandamano ya Matawi, tawi likiwa bado mkononi, wiki moja kabla mtoto wake mwenyewe hajabatizwa Pasaka ya 1962.

Tarehe 20 Julai walimletea habari hospitalini. Alipomsikia Plamedie, swali lake la kwanza lilikuwa: "Na nani mwingine alisema?" Alipomsikia Guelor, aliuliza kama wazee wale waliwahi kuzungumza juu ya jambo hilo, akajibiwa kwamba hawasemezani tangu ujana wao kwa sababu ya wavu wa samaki, akasema kumbe ugomvi nao unasaidia sayansi, kisha akalia, maana alikuwa na mama mdogo aliye hai, na jioni ileile waliongea kwa simu mpaka salio likakatika. Alimwomba muuguzi amrekebishie tarehe kwenye fishi, kadi yake ya hospitali, muuguzi akakataa bila karatasi, naye akamsifu kwamba amefundishwa vizuri. Baba Pierre alidai shahidi wa tatu, na dada akamwambia: "Lete maji, Pierre, sasa miye njo mukubwa yako."

Alifariki Jumamosi tarehe 2 Agosti 2025, alfajiri, akiwa na miaka sitini na mitatu aliyoijua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, akiwemo yule aliyekataa, majirani waliopika na kulala nasi kwenye matanga, wenzake wa maktaba, Profesa Sylvain ambaye Oktoba atasimama tena darasani pamoja na mkutubi mpya, Plamedie na Guelor, na mama mdogo Chola aliyefika jana kutoka Kasenga, ambaye tunawaomba mmpe nafasi mbele. Tarehe iliyo kwenye msalaba, 15 Aprili 1962, imeandikwa na Baba Pierre mwenyewe asubuhi hii, hakutaka fundi aishike, na maneno ya mwisho ametuomba tuyasome kama alivyotupa.

Angélique, pumzika kwa amani, mukubwa yangu.