Mama Tahadhari Anakabidhi Tangi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha ethanoli, tarehe 30 Juni msimamizi wetu wa mtambo wa gesi anastaafu. Sote tunamwita Mama Tahadhari, naye huitika. Nimeombwa niandike haya kwa sababu mimi ndiye ninayeshika nafasi yake Jumatatu. Niseme mapema tu: nina hofu.

Alipoajiriwa, mabaki ya molasi, yale maji meusi yanayobaki ethanoli ikishatolewa, yalimwagwa kwenye mabwawa nyuma ya ukuta, na mtaa mzima ulifunga madirisha. Yeye na mafundi wawili ndio waliosimamisha tangi la kwanza la kuyaozesha. Leo mabaki hayohayo yanatoa gesi inayowasha boila zetu, na tope linalosalia ni mbolea inayorudi kwenye mashamba ya miwa. Mumewe anasema miaka yote hiyo hakuhitaji kusikia hodi, kwani harufu ilitangulia.

Sifa yake kubwa ni woga, na anajivunia. Kabla ya kulikaribia tangi lazima utumbukize simu na kiberiti kwenye ndoo yake ya plastiki. Mkurugenzi aliwahi kujifanya hakusikia. Alirudishwa getini kama mtoto aliyesahau kunawa mikono, na ndoo akaishika mwenyewe.

Tulimcheka sana, hadi siku ya povu. Umeme ulikuwa umekatika asubuhi, na zamu iliyokuwepo, kwa pupa ya kufidia muda, ikafungulia mabaki yaingie tangini kabla hayajapoa. Povu likafura, likaziba vali ya usalama, ile inayotoa gesi ikizidi. Mshale wa geji ya shinikizo ukapanda, paa la tangi likaanza kunguruma. Mama Tahadhari alizima boila, akafukuza kila mtu hadi nje ya geti, akabaki peke yake kufungulia maji ya kushusha povu. Nilijua tutamzika. Povu liliposhuka, alikaa kwenye ngazi akalia mbele yetu sote, wala hakujificha.

Wiki iliyopita nilimuuliza hofu ilimwisha lini. Akanitazama kama niliyetukana.

"Ikikuisha, mwanangu, omba uhamisho."

Nyumba yake iko ng'ambo ya barabara. Jiko lake linawaka kwa gesi yetu, na wajukuu wake wanalala chumba kinachotazamana na tangi. Miaka yote alipata usingizi kwa sababu alijua amewaachia watu gani zamu, na amewafundisha nini. Sasa ananiachia mimi.

Asante, mama, kwa niaba yetu sote uliotufokea tukabaki hai. Ustaafu wako uwe wa heri, na afya isikupungukie. Lala bila wasiwasi. Kuogopa sasa ni kazi yangu.